Ombi la Kurejeshewa Mke kwa Masharti ya Kaunta

Kwa Shemeji Mkubwa,
Mshonaji wa suti na msemaji wa familia.

Shemeji Mheshimiwa,

YAH: DADA YAKO, AMBAYE NI MKE WANGU, NA KAUNTA YETU YA ZEGE

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Natumaini inakukuta mzima, wewe na cherehani zako. Mimi ni mzima kiasi. Leo ni siku ya tisa tangu dada yako ahamie kwako na sanduku moja, mto wake wa kulalia, na kibao pekee cha kukatia tulichokuwa nacho. Najua ameshakueleza upande wake, na kwa ninavyomjua amekueleza vizuri, na mikono ikisaidia. Mimi kipaji hicho sina. Nimetunza stoo ya shule miaka kumi na tisa, nimezoea mambo yaandikwe na yapewe namba.

Kwanza historia fupi. Jikoni kwetu palikuwa na meza ya mbao iliyooza mguu mmoja, tukaiwekea mguu wa tofali. Tukakubaliana, mimi na dada yako, tujenge kaunta ya kudumu. Yeye alitaka vigae. Nikamweleza kwa upole kwamba vigae vina maungio, na maungio hula unga na mafuta mpaka yawe meusi. Mbao zilishatutia adabu. Nikachagua zege, kwa kuwa zege ni kipande kimoja, humiminwa pale pale, na likishika hata wajukuu watalikuta. Fundi akaunda boksi, akalaza nondo nyembamba, akamimina na kusawazisha, mimi niko nyuma yake na pimamaji. Leo ukidondosha tone la maji katikati ya kaunta ile, halijui liende upande gani. Ukiona vyaelea, Shemeji, vimeundwa.

Fundi aliniusia mambo mawili: zege lisikauke haraka, na lisiachwe bila kinga. Basi siku ishirini na nane nililifunika kwa magunia, nikalimwagilia maji asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Kisha nikalipiga msasa, nikalipaka dawa ya kuzibia mara tatu, nikamalizia na nta mpaka ukiinama unaiona sura yako. Jambo hili dada yako ameligeuza kesi. Anasema wiki moja kati ya hizo alikuwa na homa, na kila asubuhi zege lilipata maji kabla yake. Sikatai. Lakini homa huisha yenyewe, na zege likishapasuka limepasuka.

Sasa malalamiko.

1. Limau. Zege kwa macho ni gumu, ila maji ya limau hulitafuna kimyakimya. Dada yako analijua hilo, nilimfundisha mara mbili. Hata hivyo alikata limau, akaacha nusu imelala kifudifudi juu ya kaunta, akaongea na mama mkwe kwenye simu dakika arobaini. Pakabaki alama nyeupe ya duara. Nilipomwonesha alisema pamependeza, panafanana na mwezi.

2. Nilinunua vitambaa kumi na viwili vya kuwekea vikombe. Vyote kumi na viwili nimevikuta chini ya vyungu vya maua barazani.

3. Sufuria za moto. Nilipiga mstari wa chaki ambao sufuria iliyotoka motoni isiuvuke. Mstari ule niliukuta umefutwa. Nilipouliza umefutwa na nini, nikajibiwa: na siki. Siki, Shemeji, ni mbaya kuliko limau.

4. Mama mkwe. Kwa heshima zote, yule ni mama yako na ni mama yangu pia. Alikuja kututembelea siku tatu. Nilimwomba jambo dogo tu, kwamba akiingia jikoni aandike jina na saa kwenye daftari, kama tunavyofanya stooni. Akaandika. Kwenye safu ya "Sababu ya kuingia" akaandika "Nilimzaa mwenye jiko." Sina ugomvi na jibu hilo, ingawa halikuenea kwenye mstari. Ila kesho yake aliponda kitunguu saumu kwa kitako cha chupa, moja kwa moja juu ya zege, huku akisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kidonda ni kipi hakueleza, nami nikaona si adabu kumuuliza mkwe.

5. Kususa. Hili ndilo lililoniuma hasa. Mama alipoondoka nilibandika kanuni ukutani, kumi na moja tu, kwa mwandiko mkubwa. Tangu siku hiyo dada yako akaiacha kaunta kabisa. Akawa anaketi kwenye kigoda, kibao mapajani, anakata vitunguu na kuchambua maharage akiwa ameipa mgongo. Hebu fikiria, nina kaunta ya mita tatu na mpishi anafanyia kazi magotini. Siku moja fundi alipita kuiangalia kazi yake, akamkuta hivyo. Aliondoka bila kumaliza chai, na mimi nikakosa pa kuuweka uso wangu.

6. Siku ya kuondoka. Nilikuwa napaka nta, kwa sababu ilikuwa tarehe ya nta. Dada yako akasimama mlangoni akaniuliza, na namnukuu bila kuongeza wala kupunguza: "Ukiambiwa leo utoe kimoja nje, mimi au hilo zege lako, utatoa kipi?" Swali lilikuwa wazi, nami nikalijibu lilivyo. Nikasema zege lina uzito wa watu wanne, limeshikana na ukuta, na mlango wetu ni mwembamba, kwa hiyo lenyewe haliwezi kutoka. Hilo lilikuwa jibu la kiufundi. Yeye akalipokea kama jibu la mapenzi, akaenda kuchukua sanduku.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba kwa unyenyekevu dada yako arejeshwe, kwa masharti yafuatayo. Mapishi yote yenye limau, siki au nyanya yafanyike kwako, ambako si mbali, kisha yaletwe yakiwa yamepoa. Siku ya nta, mara moja kwa mwezi, iwe siku ya mapumziko, jiko lisiwashwe na watu wasipige chafya. Familia yenu iteue mkaguzi mmoja asiye mama mkwe. Na kaunta ihesabiwe kuwa mmoja wa watu wa nyumba hii, ili anayeidhuru aitwe kwenye kikao kama aliyempiga ndugu. Utaona mwenyewe siombi makubwa.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mimi na dada yako tuna miaka kumi na minne kwenye ndoa, tumeshashika kitambo, ndiyo maana nakuja kwako mwenye mkono wa nguvu. Wala usidhani naandika kwa upweke. Nakula mkate na chai nikiwa nimesimama barazani, makombo yasiingie jikoni, na kaunta haijawahi kuwa safi namna hii. Nyumba imetulia mno. Jana niligundua nimeanza kuisimulia redio mambo ya kazini.

Msalimie mkeo na watoto, wasalimie mafundi wako wote hapo dukani. Mama mkwe akipiga simu mpe shikamoo yangu na umwambie daftari bado lina nafasi. Dada yako naye msalimie, kwa sauti ya kawaida, asije akadhani nambembeleza.

Wako katika ushemeji na utunzaji,
Mume wa dada yako,
Mtunza stoo.

Nyongeza: Shemeji, barua hii niliimaliza asubuhi, ila kabla ya kuifunga nikaona nipike, mkate umenichosha. Kibao kiko kwako, basi nikakata vitunguu vitatu juu ya zege lenyewe. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Mgongo haukuniuma, mabega yalikaa chini, kisu kilikuwa pale pale mkono unapokitaka. Nikaanza kujisifu jinsi nilivyopatia kimo cha kaunta. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi huinama kupita kila mlango, na dada yako ananifikia begani, tena akivaa viatu.

Nikachukua futi, nikapima kuanzia begani kwangu, anapoishia yeye. Kaunta ile inamfika dada yako chini kidogo ya kifua. Miezi yote saba tangu kaunta ianze kutumika, mpaka alipokimbilia kigoda, alikuwa anapika viwiko vikiwa juu, kama mtu anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni. Nilipima usawa, nilipima nta, nilipima siku za kumwagilia. Mtu wa kusimama pale sikumpima. Wewe mshonaji huwezi kumkatia mteja suruali kwa kupima miguu yako. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia. Nadhani aliniambia, nami nilikuwa nasugua, na hilo linanitia aibu kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Masharti yote yafute. Zege halishushwi, huvunjwa, na fundi ameshaniazima nyundo mchana huu, ananihurumia. Ila kimo kipya sikijui, na safari hii sitaki kukikisia. Nakuomba umwambie dada yako aje asimame jikoni na kandambili zake za kila siku, akunje mkono, nami nitachora mstari ukutani pale kiwiko kinapoishia. Kama hataki kubaki sitamshika. Aje kwa mstari huo tu.