Sale kwa Ajili ya Kamanda

Jumatatu, 2 Juni

Jana chakula cha mchana kilivurugika. Kisa, kiatu! Kiatu kimoja cha mtoto. Mbwa wangu Kamanda alikuwa amelala zake chini ya meza, akakidaka. Ni kweli mguu wa Namnyaki ulikuwa ndani. Lakini mguu umetoka mzima, na mikwaruzo miwili haiitwi jeraha. Mtoto wa miaka minne ana haki ya kulia, sikatai. Ila alizidisha.

Anande, dada yangu mdogo, aliwabeba wanawe wote wawili mpaka kwenye gari, mtori ukiwa bado unafuka mezani. Akasema hawakanyagi tena nyumba hii mpaka mbwa aondoke. Mume wake Lesian alimtazama Kamanda, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Shemeji zangu hawa Waarusha wanadhani mbwa ni wa kulinda mbuzi tu!

Nimefanya kazi ya ulinzi hotelini miaka kumi na moja. Mbwa nawajua. Kamanda si mkali, ni makini. Yule mzee wa kanisa alimkanyaga mkia, ndiyo maana. Yule fundi bomba sijui alimfanya nini.

Tatizo ni moja. Jumapili ya tarehe 15 anabatizwa Solomoni, mdogo wake Namnyaki, na msimamizi wake wa ubatizo ni mimi. Shughuli ilikuwa ifanyike hapa Njiro, nyumbani kwa Mama, ninapoishi. Sasa Anande anasema ataifanyia kwake Olasiti, na msimamizi atatafutwa mwingine. Mwingine! Mjomba wa mtoto ni mmoja tu, na ni mimi.

Mama amekifua kile kiatu na kukianika dirishani.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa kwanza: ushahidi wa video. Namnyaki alisahau mwanasesere wake hapa. Nikamlisha Kamanda maini kilo nzima, nikamkalisha mwanasesere ubavuni kwake, nikarekodi. Amani tupu! Nikairusha kwenye kundi la ukoo, watu thelathini na wawili, na maneno haya: Kamanda anavyopenda watoto.

Kumbe ilinibidi nikate mwisho. Sekunde nane za kwanza ni amani. Kwenye ya tisa kichwa kinaondoka.

Shangazi Tabea wa Machame, ambaye macho yake yamefifia, ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, wote kilio, akiuliza huyo mtoto ni wa nani na anazikwa lini. Nimeifuta video. Wote walikuwa wameshaiona. Lesian amejibu kwa kidole gumba. Sijui alimaanisha nini, ila hakikunipendeza.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeamka na wazo zito. Sale!

Kwetu Machame, mtu akikuletea jani la sale anaomba radhi, na sale halikataliwi. Hata kama alikuchomea nyumba, ukiliona jani hilo mkononi mwake unasamehe. Na Mama alipanda mstari mzima wa masale hapa kando ya ukuta. Nimeishi na dawa nje ya dirisha langu, siioni!

Lakini kwa nini niombe radhi mimi, ambaye sijamng'ata mtu? Aombe mwenyewe. Nitamfunga Kamanda sale shingoni, nimfikishe Olasiti, asimame mbele ya Anande. Dada yangu atalikataa sale? Hawezi! Amelelewa vizuri.

Saa tano asubuhi. Kamanda hataki kuvalishwa jani.

Saa saba mchana. Nimetoka kituo cha afya. Kiganja cha kulia, matundu manne. Nesi aliuliza kama mbwa amechanjwa. Nikamjibu kwamba ni mbwa wa mtaani, simfahamu. Nimechomwa sindano ya kichaa cha mbwa na nimeandikiwa tarehe za kurudi. Niliogopa sana, naandika hapa tu.

Mama nimemwambia nilibanwa na mlango wa gari. Akauliza huo mlango una meno mangapi.

Jumapili, 8 Juni

Leo Mama alitoa sahani mbili ndogo kwa mazoea. Akazishika kidogo, akazirudisha kabatini. Tukala wawili. Iliniuma.

Nikaamua kwenda Olasiti na sale mwenyewe. Mkono wa kulia una bandeji na wa kushoto ni utovu wa adabu, kwa hiyo nililishika jani kwa vidole viwili vya kulia, natetemeka, jasho linanitoka. Anande alidhani ni majuto. Akalipokea. Akasema, Kaka, nimekusamehe kwa moyo wote.

Ushindi! Nikamwambia basi Jumapili shughuli inarudi Njiro, Kamanda nitamvalisha tai. Akajibu kwamba aliyesamehewa ni mimi, mbwa ni kesi nyingine. Yaani anachambua sale kama mwanasheria!

Namnyaki alinipa shikamoo akiwa nyuma ya miguu ya baba yake. Akauliza kama Kamanda yuko kwenye gari. Nikamwambia hayupo. Hapo hapo Kamanda akabweka kwenye gari.

Namnyaki alipanda juu ya meza na viatu vyake. Solomoni, ambaye hata miaka miwili hajafikisha, alijikojolea. Hakuna aliyenikaribisha chai.

Jumanne, 10 Juni

Usaliti! Anande amekuja asubuhi, ukungu bado haujaondoka, ana sale mkononi. Limefungwa fundo, kama inavyotakiwa. Akapiga goti getini, majirani wanaona, akaniomba mbwa aondoke kabla ya ubatizo.

Nani kamfundisha kutumia mila ya wazee kama mtego? Aibu!

Nikaiingiza mikono yangu mfukoni, yote miwili, hata ule wenye bandeji. Sale lisilopokelewa halina nguvu, nilikuwa nimeshalifikiria. Tukakaa hivyo, yeye kapiga goti, mimi natazama mawingu ya Meru. Ndipo Mama akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Akalichukua jani kwa Anande, akalitumbukiza kwenye mfuko wa shati langu, akasema limepokelewa.

Nikaanza kueleza usalama wa Njiro. Mama akasema nesi wa kituo cha afya anaimba naye kwaya. Kisha akasema, "Abdiel, wajukuu ninao wawili tu. Mbwa utapata mwingine."

Nimekaa chumbani mpaka jioni na jani mfukoni.

Jumapili, 15 Juni

Solomoni amebatizwa. Msimamizi ni mimi! Nilimbeba kwa mkono wa kushoto, akanivuta pua mbele ya mchungaji.

Kamanda aliondoka jana. Lesian amempeleka Ngaramtoni kwa kaka yake Lerionka, mwenye mbuzi wengi. Wakati wa maji nilitokwa na machozi, waumini wakadhani nimeguswa na Roho.

Nyumba ilijaa watu. Namnyaki alikula nyama akiwa chini ya meza, mahali pale pale pa Kamanda, ameunyoosha mguu wake. Mama alikuwa akiinama kila mara kumchungulia, anacheka. Hakuna aliyemtaja mbwa wangu. Watu wana mioyo migumu.

Jumapili, 29 Juni

Lerionka amepiga simu. Kamanda hajambo. Nikamuuliza amemtuliza kwa mbinu gani. Akasema hajamtuliza, ni mkali vile vile. Amemchanja, amempa zizi la kulinda, na watoto wa boma hawaruhusiwi kusogea upande ule. Nikasema sawa, ila siri yenyewe ni ipi? Akasema ndiyo hiyo. Watu wengine hawapendi kugawana ujuzi!

Nimetafakari mwenyewe na nimegundua kosa lilikuwa wapi. Ni jina! Ukimwita mbwa Kamanda, atafanya ukamanda. Wa sasa nimemwita Upendo. Nilimchukua jana, ana miezi mitano, miguu mikubwa hiyo! Mama yake analinda ghala, na wanasema hakuna mwizi aliyerudi mara ya pili. Nimemlaza jikoni. Kiatu kilichokuwa dirishani ameshakimaliza, lakini kwa upole.

Anande na watoto wanakuja mchana. Safari hii nimejipanga. Nimekata masale sita na kuyaweka kwenye ndoo ya maji, yasinyauke.

Mama ameingia jikoni. Amemwona Upendo, ameiona ndoo, ametoka. Sasa hivi nasikia anafunga begi. Amempigia Anande simu, amemwambia asije, wamsubiri huko huko Olasiti, anakwenda kukaa nao.

Si vibaya. Mbwa mdogo anahitaji nyumba tulivu.