Fundi Cherehani Aomba Haki za Mbuzi

Ilitangazwa kwa furaha kubwa, mbele ya wapiga picha na juisi baridi, kwamba Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Tiba imekamilisha kitabu cha Viwango vya Utu. Aliyesoma tangazo ni mwenyekiti wake, ambaye watu walimwita Bwana Viwango kwa utani, naye akalipokea jina hilo kama cheo. Alisema kuanzia siku ile hakuna kiumbe atakayeonewa wala kulazimishwa jambo ndani ya jengo la utafiti. Sura ya wanyama ilikuwa tayari, imepigwa chapa na mhuri. Sura ya watu ilikuwa bado inafanyiwa kazi. Yaani mkuki kwa nguruwe ulishapigwa marufuku. Kwa binadamu, kamati ilikuwa ingali inajadili urefu wake.

Bwana Viwango hakuona kasoro yoyote hapo. Mnyama hana mdomo wa kujitetea. Mtu anao, na kwa uzoefu wake, mtu mwenye mdomo ni msumbufu tu. Isitoshe, wafadhili walipenda wanyama. Mgeni waliyemtuma alitokwa na machozi alipoonyeshwa matandiko ya sungura.

Usumbufu wenyewe ukaja siku ya pili yake, na ulikuwa fundi cherehani. Mama huyu alikuwa amejitolea kujaribiwa dawa mpya ya kikohozi, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Kikohozi kilikoma kweli. Ila mikono ikaanza kutetemeka, na hilo halikuwemo kwenye maelezo. Akaingia ofisini na utepe wake wa kupimia shingoni.

"Shikamoo Mwenyekiti. Nataka kuacha dawa."

"Marahaba. Ni haki yako. Unaweza kujitoa wakati wowote."

"Basi najitoa sasa hivi."

"Wakati wowote ambao kamati itaridhia. Na kamati itakaa mvua zikiisha."

"Mwenyekiti, uzi hauingii kwenye sindano! Juzi nimemshonea bibi harusi wa watu mkono wa gauni kiunoni. Watoto wangu wanakula kwa mikono hii."

"Dada yangu," alisema Bwana Viwango kwa upole, "na sayansi nayo inakula kwa mikono hiyohiyo."

Nje ya dirisha mbuzi alipita akipelekwa majanini. Bi Katibu, aliyekuwa akichapa barua pembeni, alieleza bila kuulizwa kwamba mbuzi yule alikuwa kwenye dawa ileile. Mbuzi alitikisa kichwa mara moja tu, akaachiliwa. Sura ya wanyama inasema mnyama akionyesha kutoridhika, daktari wa mifugo aitwe na mnyama aachiliwe siku hiyohiyo.

Fundi akamtazama mbuzi, akamtazama Mwenyekiti.

"Mimi natikisika mwili mzima. Niandikeni mnyama."

Bi Katibu akacheka. Bwana Viwango hakucheka, kwa sababu alikumbuka kwamba fungu la fedha za wanyama lilikuwa nono kuliko la watu, lina chakula cha mchana na magodoro, na huongezwa kwa kila mnyama anayeandikwa. Kikao cha dharura kikaitishwa. Mjumbe mmoja aliuliza habari za mkia. Mwingine akajibu kwamba sura haikutaja mkia popote, na chura je, anao? Hoja ikapita. Kwa kuwa mnyama asiye na mwenyewe huleta picha mbaya kwa wafadhili, Bwana Viwango alijiandika yeye kuwa mwenye mnyama. Alijisikia mkarimu sana.

Daktari wa mifugo hakukawia, na mgeni wa wafadhili akaja nyuma yake. Daktari akaushika mkono wa fundi, akauangalia unavyocheza.

"Huyu ameumia. Anaachiliwa sasa hivi."

"Ahsante, daktari, Mungu akubariki," alisema mnyama, akachukua mkoba wake.

"Taratibu bado," alisema daktari, akifungua kitabu. "Kifungu cha mwisho. Mnyama akidhurika, mwenye mnyama atakunywa dawa ileile, kwa muda uleule, ili aonje alichomwonjesha mwenzake."

Kifungu hicho alikitunga Bwana Viwango mwenyewe, siku wafadhili walipoanza kusinzia katikati ya hotuba yake. Waliamka wakapiga makofi.

"Jamani, ile ilikuwa lugha ya heshima tu," alisema Bwana Viwango. Lakini mgeni alikwisha kuinua kamera, machozi yakimlengalenga. Kijiko kikaletwa.

"Pole Mwenyekiti," alisema fundi akiwa mlangoni. "Angalau hutakohoa."

Mvua ziliisha. Fundi alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, anashona mistari iliyonyooka na kumtukana kila anayemtajia utafiti. Ofisini, taarifa ya mwisho ilikuwa tayari. Bila taarifa hiyo kutiwa saini na Mwenyekiti, na yeye peke yake, hakuna fedha za mwaka mwingine, hakuna gari, hakuna kamati.

"Hapa penye madhara ya dawa niandike nini, mzee?" aliuliza Bi Katibu.

"Andika hakuna."

Akaandika, akamsogezea kalamu. Bwana Viwango akainamia karatasi. Kalamu ikaruka ukingo, ikapanda juu ya meza, ikamchora mkono wa shati hadi kwenye kiwiko. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akajaribu kwa yote miwili, ulimi nje. Karatasi ikachanika. Bi Katibu akaleta nyingine, na nyingine tena.

"Mwanangu," alisema mwishowe, jasho likimtoka, "hebu nishike mkono nisaini."

"Siwezi, mzee," alijibu Bi Katibu. "Itakuwa nimekulazimisha."