Mgongo wa Pouli

Jumanne, 27 Agosti 1963. Suva
Mazoezi ya kwanza uwanjani. Balaa!

Nieleze kwa utaratibu. Mjomba Tuiloma, mkuu wa ukoo wetu, kaja Fiji pamoja na timu yetu ya Samoa. Kabla hatujapanda meli alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba cheo cha umatai, yaani uchifu wa familia, alichoacha marehemu kaka yake atapewa yule atakayetuletea heshima kwenye michezo hii. Heshima, yaani medali. Nini kingine? Nina miaka arobaini na mitatu, sina cheo, bado nawapakulia majimbi machifu niliowazidi umri. Cheo hicho nakitaka mpaka naumwa.

Binamu yangu Misipati anafundisha ndondi, naye anakitaka. Lakini mabondia wake ni wawili tu, na mmoja bahari ilimvuruga tumbo tangu Apia. Mimi nafundisha mbio, na nina Pouli, wa ukoo huohuo. Miaka ishirini na mmoja, miguu peku, maili moja anaikimbia kama mtu aliyeitwa kula. Hapa hana mpinzani.

Leo kaongoza vizuri mpaka mbele ya jukwaa, alikoketi Mjomba na machifu wa Fiji. Hapo akapunguza mwendo, akainama, mkono karibu na nyasi, akasema “Tulou,” yaani samahani, kama nyumbani mtu akipita mbele ya wakubwa waliokaa. Akapita. Akanyooka. Akaendelea kukimbia. Raundi nne, mara nne! Wanne wakampita.

Alhamisi, 29 Agosti
Mpango wa kwanza. Nimemwambia Mjomba kuwa jua la jukwaani litamuumiza macho, na ng'ambo ya uwanja kuna kivuli. Akauliza tangu lini nimekuwa daktari. Lakini kahama. Misipati kambebea mto wa kukalia, mnafiki yule!

Kumbe machifu wa Fiji hawakuhama. Sasa wakubwa wako pande zote mbili. Pouli kainama mara nane.

Jumamosi, 31 Agosti
Mchujo. Walitakiwa saba waende fainali. Pouli kawa wa saba. Watazamaji walimshangilia kila alipoinama, maana Wafiji nao wanayo desturi hii. Ila mkimbiaji wao alipita wima kama mlingoti na hakuna chifu aliyenuna.

Nikamkalisha Pouli chini nikamwonyesha hilo. Nikamwambia uwanja si baraza, na mbio si matembezi.

“Kichwa kinakubali, baba mdogo,” akasema. “Mgongo ndio unakataa.”

Nikamuuliza mgongo huo ni wa nani. Akasema ni wa bibi yake aliyemlea. Utotoni akipita wima mbele ya wakubwa, bibi hakumpiga wala kumfokea. Alinyamaza tu, kutwa nzima, akiendelea kusuka mkeka.

Bibi huyo ni shangazi yangu. Mimi pia aliwahi kuninyamazia, na nakumbuka nilitamani anipige yaishe. Halafu nikakumbuka cheo.

Jumatatu, 2 Septemba
Nimepata! Pouli huwainamia wakubwa waliokaa. Wakisimama, hakuna cha kuinamia. Na ni kitu gani humsimamisha chifu bila kumkosea adabu? Wimbo wa taifa! Wetu hata miaka miwili haujatimiza, na kila tukiusikia tunaruka kama tumekalia siafu.

Nimekwenda kwa kiongozi wa bendi. Nimemwambia Tuiloma anaomba wimbo wa Samoa upigwe Pouli akiikaribia mara ya mwisho sehemu ya jukwaa. Akataka maombi kwa maandishi. Nimeandika. Sahihi ya Mjomba nimeiweka mwenyewe, ili nisimsumbue mzee.

Mjomba nimemrudisha jukwaani. Kasema macho yake yanashukuru.

Jumatano, 4 Septemba
Balaa jingine, lakini naandika.

Fainali. Pouli kainama raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara akawafikia waliompita. Raundi ya mwisho kawaacha wote hatua kumi na tano. Hatua kumi na tano! Nikaona cheo kinakuja mbio kwa miguu miwili. Bendi ikaanza. Mjomba akasimama, machifu wakasimama, jukwaa zima likasimama. Hakuna aliyekaa!

Pouli naye akasimama.

Katikati ya njia yake, visigino pamoja, mikono mapajani, kidevu juu, kifua kikipanda na kushuka. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wenzake hawakuujua wimbo wetu, wakampita mmoja mmoja, wote sita. Bendi ikapiga ubeti wa pili. Hata hapo hakutikisika.

Wimbo ukaisha. Wakubwa wakakaa. Pouli akaanza kukimbia, akafika mbele yao, akainama.

Kawa wa mwisho. Misipati kanipa pole, na kibaya zaidi, alikuwa akimaanisha.

Alhamisi, 5 Septemba
Mjomba kaniita. Ile barua ilikuwa magotini pake. Kasema mwandiko wangu haujabadilika tangu darasa la pili. Nilijiandaa kwa matusi. Akaniuliza tu kama nilimwona Pouli alivyosimama. Nikasema nilimwona. Akasema, “Na mimi nilimwona,” na machozi yakamtoka, mzee yule, bila kujificha.

Niliona aibu, naiandika hapa maana hakuna atakayesoma. Nilipotoka nilimkuta Pouli kaniwekea chakula, majimbi na nyama ya kopo. Hakuuliza nani aliwatuma bendi. Nadhani anajua.

Jumamosi, 7 Septemba
Siku ya kufunga michezo. Baada ya chai Mjomba katukusanya watu wa ukoo. Bondia mzima wa Misipati kapata shaba, hivyo Misipati alikuwa amepaka mafuta kichwani na kuvaa shati jipya. Mjomba akasema heshima imepatikana, Suva nzima imeiona, na cheo ni cha Pouli.

Pouli alilia. Misipati alipiga makofi ndani ya shati lake jipya. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo, nikakaa juu ya ndoo, nikatafakari kwa kina.

Sasa nimeelewa kila kitu. Kijana yule ana hila kutuzidi sote! Kumbe kuinama ndio ulikuwa mpango wenyewe, tangu siku ya kwanza, na hadithi ya bibi aliniwekea tu ili nisimshtukie. Wala simlaumu. Kuna cheo kingine kitakuwa wazi kijijini, mwenyewe ni mgonjwa, na safari hii sitahangaika na medali. Nitainama. Nitamwinamia kila mtu, mpaka mpishi wa meli.

Nimeanza jioni hii. Misipati alikuwa amekaa ngazini peke yake. Nikapita mbele yake nimeinama mpaka mkono ukagusa ardhi. Akaniuliza nimeangusha nini, akashuka akapiga magoti kunisaidia kutafuta. Nikaona haya kumwambia. Nikasema kifungo. Tumekitafuta mpaka kengele ya chakula.