Bibi wa Kukodi

Kola hakwenda kwa daktari wa meno kwa sababu ya meno. Meno yake yalikuwa mazima, meupe, ndiyo mtaji pekee aliobaki nao. Alikwenda kwa sababu chumba cha kusubiria kilikuwa na feni nzuri, viti vyenye mito, na watu ambao kwa maumivu waliyokuwa nayo hawakuwa na nguvu ya kumchunguza mtu. Mtaani walimwita Kola kwa vile kola ya shati lake ilikuwa imenyooka hata siku ambazo mambo yake yote yalikuwa yamepinda, na siku hizo ndizo zilizokuwa nyingi.

Siku hiyo mtoto mmoja alikuwa analia, hataki kung'olewa jino. Mama yake akatoa mkobani kitabu cha picha kilichochakaa, jalada limeshikizwa kwa selotepu, akaanza kumsomea.

"Kifaru akaamka usiku. Kelele gani hizi? Nani anakoroma? Akaenda kugonga kwa simba. Hodi! Samahani jirani, ni wewe unayekoroma?"

"Siyo mimi, kaulize mbele!"

Aliyejibu hakuwa mtoto. Alikuwa mwenye bucha, jitu la mabega mapana, shavu limevimba, kitambaa mdomoni. Na hakuwa peke yake. Kifaru alipogonga kwa nyani, chumba kizima kiliitikia: "Siyo mimi, kaulize mbele!" Hata nesi aliyekuwa dirishani akiandikisha wagonjwa aliitikia bila kuinua kichwa.

Kola alikuwa mtu pekee mle ndani asiyekijua kitabu kile, kwa sababu hakuwahi kumlaza mtoto wa mtu. Akasikiliza mpaka mwisho. Kifaru anazunguka msitu mzima akimtafuta anayekoroma, mlango kwa mlango, mpaka ukurasa wa mwisho, ambapo sisimizi mmoja anamwambia: ni wewe, bwana mkubwa. Basi. Hadithi imekwisha. Mwandishi kwenye jalada ameandikwa "Bibi", na hakuna aliyewahi kumwona.

"Watoto wangu wote nimewalaza na kitabu hiki," alisema mwenye bucha, akifuta machozi ambayo hayakuwa ya jino. "Hivi kwa nini hakuna aliyekitengenezea filamu?"

Kola akahisi kitu kinamtekenya kifuani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama.

"Mzee," alinong'ona, "nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

"Basi. Mimi sijasema kitu."

Jamani, hakuna sentensi tamu kwa mtu mwenye tamaa kama hiyo. Mwenye bucha alipoitwa ndani kwenda kung'olewa jino, alikataa kuinuka mpaka aambiwe kitu ambacho Kola hajasema.

Habari ikasambaa kwa njia ya kuaminika kuliko zote: kila mtu aliambiwa asimwambie mtu. Kola, dairekta kutoka studio kubwa za nje, ana haki ya kukifanya kitabu kuwa filamu, na anatafuta wabia wachache wa heshima. Mwenye bucha alitaka hisa, na pia awe simba. Mama mwenye saluni alitaka hisa, na pia awarembe wanyama wote. Mwenye duka la fenicha alitaka hisa, na pia kifaru alale kwenye kitanda kutoka dukani kwake, futi sita kwa sita, droo chini. Kola hakumkatalia mtu. Alikuwa na kanuni zake, yule bwana: hakuwaibia maskini, kwa sababu nzuri kwamba hawana kitu.

Tatizo lilianzia nyumbani. Kola alilala kwenye sofa la dada yake, fundi cherehani, kwa kuwa milango mingine yote ya mji ilishafungwa mbele yake. Dada alikuwa na binti mdogo aliyeanza shule, na binti alikuwa na masikio.

"Mjomba, nimewaambia darasani," alisema mtoto, macho yanang'aa. "Kwamba wewe ndiye unayetengeneza filamu ya kifaru. Mwalimu akasema nipigiwe makofi."

Kola akacheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Mtoto alipokwenda kucheza, dada yake akasimamisha cherehani.

"Mdogo wangu, hao wakubwa wadanganye, wana akili zao. Lakini ukimliza mwanangu, sofa hili utaliona kupitia dirisha."

"Ah, dada! Hii ni kazi halali."

"Nakujua tangu unanyonya," alisema dada, akaendelea kushona.

Iliuma, na Kola hakupenda vitu vinavyouma. Alishaficha begi lake chini ya sofa, tayari kwa basi la Jumamosi mchana, mara tu wabia watakapotoa chao. Alijiambia atamtumia mtoto mwanasesere mkubwa kutoka huko atakakokuwa. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu mwenye dhamiri safi.

Halafu wabia wakaja na lao. "Tumwone Bibi mwenyewe," alisema mwenye fenicha. "Aseme kwa kinywa chake kwamba kitabu amekupa. Ndipo tutoe bahasha."

"Hilo tu?" alisema Kola, huku akiinyoosha kola yake. "Mbona dogo!"

Akatangaza kwa siri mkahawani kwamba anamtafuta bibi wa kuigiza. Wa kwanza alikuwa hasikii vizuri. Wa pili alisikia vizuri, ila hakuweza kunyamaza kuhusu wakwe zake. Wa tatu aliingia na mwavuli na kikapu, akaketi kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unatafuta bibi."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua unauza kitabu. Nikasema nije nimwone muuzaji."

Kola akamwagizia chai, akamweleza kazi. Ni kukaa, kutabasamu, kusema kitabu ni chake na amekitoa kwa moyo mmoja. Bibi akaanza kukisoma bila kitabu, kila mnyama na sauti yake, mpaka mhudumu wa mkahawa akaacha kumimina chai ya watu. Kola nusura amkumbatie. Bibi gani wa mji huu asiyekijua kwa moyo, aliwaza, na mawazo yake yakaishia hapo. Tumsamehe. Mtu aliyezoea kudanganya hupata kilema chake: ukweli unaweza kumkalia mezani, unakunywa chai yake na sukari vijiko vinne, na bado asiutambue.

"Na mwenye kitabu mwenyewe akijitokeza?" aliuliza bibi.

"Huyo alishakufa zamani."

"Loo, maskini!" Bibi akakoroga chai. "Alikufa na nini?"

"Uzee."

"Mmh. Uzee mbaya sana."

"Na malipo yako, bibi? Sema bei."

"Nitajichukulia mwenyewe, usijali. Ila nina nguo ya kushonesha. Nasikia dada yako ni fundi mzuri."

Kola akamwelekeza nyumba kwa furaha yote, akiona amempata bibi wa bei rahisi kuliko wote duniani.

Kesho yake asubuhi aliamka kwenye sofa akamkuta dada yake amemwinamia na futi ya kupimia, anampima mabega.

"Unafanya nini?"

"Nakushonea kitu. Geuka nipime tumbo."

Kola akageuka. Dada hajawahi kumshonea hata leso. Roho ikamchoma alipokumbuka lile begi chini yake.

Jumamosi walikutana kwenye duka la fenicha, wakakaa kwenye makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni zake, na kila aliyejigeuza alitoa mlio. Dada pia alikuja, na furushi kubwa na binti yake. "Bibi ndiye aliyenialika," alisema, na Kola hakuipenda sauti ile.

Bibi aliketi katikati, kikapu mapajani, akasema kitabu ni chake na amekitoa kwa moyo mmoja. Wabia wakamshukia na maoni.

"Mimi naona simba apigane na kifaru, ashinde," alisema mwenye bucha.

"Simba wangu hapigani. Ana usingizi."

"Kifaru apate mchumba," alisema mama wa saluni. "Filamu bila mapenzi nani ataangalia? Nitambandika kope."

"Mtu anayekoroma vile, mwanangu, nani atamchumbia?"

"Na kitanda changu?" alisema mwenye fenicha.

"Kifaru analala kwenye tope. Kitanda chako walale wageni wako."

Kola akamfinya mkono. "Bibi, kubali tu," alinong'ona. "Filamu yenyewe haipo."

"Ndiyo maana nakuwa mkali," alinong'ona bibi. "Mwenye kitabu angekubali upuuzi huu?"

Wabia walimtazama kwa heshima iliyokuwa inapanda kila anapowakatalia. Lakini mwenye fenicha hakufika alipofika kwa kuamini watu. Akakohoa. "Bibi, usinichukulie vibaya. Tutajuaje kuwa ndiye wewe?"

Kola akaanza kupima kwa macho umbali wa kutoka kochini hadi mlangoni.

Bibi akaomba kalamu nene, ile wanayoandikia bei. Akasimama mbele ya boksi la kabati, akaanza na mkia. Hakuinua kalamu. Mkia ukawa mgongo, mgongo ukawa tumbo, mguu, mguu, kichwa, na mwisho masikio mawili, moja limesimama, moja limekunjika.

"Sikio limekunjika kama la kitabuni!" alipiga kelele mtoto, akarukaruka. "Mama, ni yeye! Ni yeye mwenyewe!"

Mwenye bucha aliachia kilio cha wazi. Mama wa saluni akashika mdomo. Pale kwenye boksi alikuwa amesimama kifaru yuleyule aliyewalaza watoto wao wote, wino bado mbichi.

Kola akajiegemeza nyuma, nailoni ya kochi ikalia. Watu wote mle dukani waliamini kwamba huyu ni Bibi, na mjanja mmoja tu ndiye aliyejua kwamba siye. Na mjanja huyo ndiye aliyekuwa amekosea.

"Bibi," alinong'ona, "umejifunzia wapi kuchora hivyo?"

"Kaburini," alijibu bibi. "Huko hakuna kazi nyingi."

Kola akajaribu kufikiri. Aseme huyu ni wa kukodi? Atajifunga mwenyewe. Anyamaze? Basi kitabu kimetolewa kweli, na mwenyewe, mbele ya mashahidi, na fedha ni za filamu. Alijipekua akilini mfuko kwa mfuko, hakupata uongo hata mmoja wa kumtoa pale.

"Nimeridhika," alisema mwenye fenicha, akitoa bahasha. Wenzake wakafuata. Mkono wa Kola ulitangulia wenyewe, kwa mazoea, lakini bibi alishakusanya zote kwenye kikapu, na kikapu akakiweka mapajani kwa fundi cherehani.

"Mweka hazina wetu ni huyu," alisema. "Nilikwenda kwake kushonesha, akaniambia kila kitu kuhusu mdogo wake bila kupunguza hata tone. Mtu asiyemfichia ubaya hata ndugu yake, huyo ndiye wa kushika fedha. Mpiga picha nimempata, yule wa harusi. Bado kifaru."

"Mimi naweza," alisema mwenye bucha haraka.

"Wewe ni simba. Kifaru wangu anazunguka mji mzima akimtafuta mwenye kelele, kumbe ni yeye. Nimemtafuta miaka mingi mtu wa kumwigiza." Bibi akageuka. "Nikampata mkahawani."

Dada akafungua furushi. Likatoka vazi la kijivu, zito, pembe imejazwa pamba, sikio moja limekunjika. Lilikuwa na mabega ya Kola na tumbo la Kola.

Mlango ulikuwa wazi, na basi lilikuwa halijaondoka. Hakuna aliyemshika. Kola alisimama, akairekebisha ile kola yake iliyonyooka, akapiga hatua moja kuelekea nje.

"Mjomba ndiye kifaru?" Mtoto alikuwa amekaza macho kwake, sauti imekuwa ndogo. "Jumatatu naweza kuwaambia?"

Kola akautazama mlango. Akamtazama mtoto. Katika maisha yake alikuwa amewaliza watu wa kila aina, na alikuwa amelala usingizi mzuri. Huyu mmoja hakuweza. Aliona aibu, aibu ya kweli, ikampanda mpaka masikioni.

"Waambie," alisema, na akanyoosha mikono avalishwe.

Walipiga picha kwenye uwanja wa shule, jua la saa sita, darasa zima limekaa chini ya ukuta. Mpiga picha wa harusi alikuwa akimsogelea simba kana kwamba ni bibi harusi, na mwenye bucha alikuwa akimrembulia macho. Ndani ya vazi Kola alipikika. Aligonga mlango baada ya mlango akiuliza nani anakoroma, na watoto waliitikia kabla ya wanyama: "Siyo mimi, kaulize mbele!" Alianguka kwenye ndoo ambayo haikuwa kwenye hadithi, watoto wakavunjika mbavu, na bibi akasema ndoo ibaki.

Wakafika ukurasa wa mwisho. Sisimizi alikuwa mpwa wake, na antena mbili za waya kichwani.

"Ni wewe, bwana mkubwa," alisema sisimizi.

"Kumbe ni mimi!" alisema kifaru.

"Kata," alisema bibi kutoka kwenye kiti chake. "Sijakuamini. Rudia."

"Kumbe ni mimi!"

"Hiyo ni sauti ya kuuzia watu. Rudia."

Wakarudia mpaka jua likaanza kuinama, mpaka simba akasinzia kweli. Kola alijaribu kwa huzuni, alijaribu kwa madoido, alijaribu ile sauti yake iliyokuwa ikifungua pochi za watu. Bibi alitikisa kichwa tu. Mwishowe alichoka hata kuigiza. Akamtazama sisimizi kupitia matundu mawili ya macho, yule mtoto aliyemsubiri mchana kutwa bila kulalamika, akiwa na hakika kabisa kwamba mjomba ataweza.

"Ni wewe, bwana mkubwa."

"Kumbe ni mimi," alisema Kola, polepole.

Bibi akafunga mwavuli wake.

"Hapo sawa," alisema. "Mvueni, apewe maji."