Antivirusi kwa Bei ya Pikipiki

Asubuhi ile redio ndogo ya mtaa mmoja wa Kasongo ilipotangaza kwamba marehemu anaoa Jumamosi, mji mzima ulicheka isipokuwa wafiwa. Djamali naye hakucheka. Alikuwa sokoni akinywa chai iliyolipiwa na mtu mwingine. Alipomsikia mkurugenzi, Papa André, akiomba radhi hewani kwamba seva yao ina virusi na mafaili yamechanganyikana, aliweka kikombe chini kwa heshima zote. Mateso ya wengine yalikuwa yakimgusa sana, hasa mateso yenye mali.

Seva yenyewe ilikuwa mashine ya mtumba iliyotunza matangazo yote ya redio: misiba, harusi, mbuzi waliopotea. Watu wa Salamabila na Nyangwe walituma matangazo yao kwenye flashi, na kila flashi ilileta virusi vyake, bure kabisa.

Djamali aliingia ofisini na tai shingoni. Akaipapasa mashine, akaguna.

"Papa Directeur, hii ugonjwa naijua. Dawa iko moja tu Kongo muzima. Inatoka Dubai."

"Bei?" aliuliza Papa André, ambaye neno hilo lilimtisha kuliko virusi.

"Franga zako sizitaki, mukubwa. Nipe tu ile pikipiki yenye inaoza inje."

Haikuwa ikioza hata kidogo. Émérance, mtangazaji, aliiendesha kila wiki kwenda vijijini kukusanya matangazo, na kwa kila tangazo alipata sehemu yake. Bila pikipiki ile hakuwa na kazi.

"Papa, kijijini Wamaza nitafika na nini?" alilia.

"Na miguu. Mungu alikupa mbili," alijibu Papa André, akasaini hati ya kuuza pikipiki upesi kabla mwenye dawa hajabadili mawazo.

Djamali akawatoa wote nje. "Hii kazi inaogopa macho ya watu," alisema. Akasukumiza diski tupu ndani ya mashine, kwa ajili ya adabu. Kisha akafungua ukurasa wa usalama wa mashine ile ile. Antivirusi ilikuwa pale, imekuja na mashine tangu mwanzo. Fundi wa zamani aliizima kwa sababu ilikuwa ikifuta nyimbo zake za wizi. Djamali akabonyeza kitufe kimoja. Kazi ilichukua dakika moja, na saa mbili zilizofuata akalala, maana dawa ya Dubai haiwezi kuisha upesi hivyo.

Mashine ikapona kweli. Virusi mia tatu na kumi na mbili vilikamatwa, na Papa André akamshika Djamali mikono miwili karibu kutoa machozi.

Mtu mwenye akili angeondoka hapo hapo. Djamali akawakumbuka wanunuzi wa dhahabu wa Salamabila, nao wana mashine, nao wana pesa, akaona dhambi kuwanyima dawa. Akamwita Émérance amwandikie tangazo.

"Andika: antivirusi ya Djamali haiko pengine. Mutu mwenye ataipata pengine kwa bei ya chini, Djamali atamupa pikipiki yake."

"Una hakika, ndugu?"

"Andika tu, dada. Hiyo ndiyo biashara."

Akasaini, muhuri ukagongwa. Sasa, kwenye redio ile, tangazo lenye saini na muhuri husomwa mara tatu na halifutwi. Kuna wanaume mjini walioozwa kwa saini ya namna hiyo, na hadi leo wameoa.

Kesho yake asubuhi Émérance alilisoma kwa sauti tamu, huku hasira inamchoma kifuani. Alipomaliza akaitazama ile diski kwenye mashine: haina kitu. Akafungua ukurasa wa usalama wa mashine: antivirusi yake yenyewe iliwashwa jana, saa ile ile Djamali alipowatoa nje. Akampigia simu Elsa, mtunzaji wa kompyuta za shule, ambaye alikuwa na seva ya aina hiyo hiyo.

"Elsa, fungua kwenye imeandikwa Sécurité Windows. Unaona nini?"

"Inasema ulinzi umezimwa."

"Washa."

"Nimewasha... Ee mama! Inakamata virusi!"

"Umelipa ngapi?"

"Nimulipe nani?"

Mchana Émérance akasoma tangazo la Djamali mara ya pili, neno kwa neno. Kisha akaongeza: "Na hili ni tangazo langu, nimesaini. Antivirusi iko ndani ya mashine yenu. Fungueni ukurasa wa usalama, muwashe ulinzi. Bei ni bure. Miye Émérance niko njiani kuchukua pikipiki yangu."

Nusu ya mji ilifika kwa Djamali kabla ya Émérance. Walimkuta akifunga kwenye pikipiki boksi la diski tupu.

"Dada, ile ilikuwa publicité tu, maneno ya biashara!"

"Ulisaini," alisema Émérance.

"Alisaini!" uliitikia umati, kwa furaha isiyo na huruma.

Papa André akajipenyeza mbele, ameng'aa. "Asante, binti yangu. Sasa pikipiki ya redio irudi kwa redio."

"Ya redio uliiuza, Papa. Hii ni yangu. Ukiitaka, tutasikilizana bei ya kukodi."

Djamali akateremsha boksi lake, uso umemshuka. "Basi mungoje nitoe petroli yangu! Jana nilijaza tanki nzima, ya kufika Salamabila!"

Émérance akafungua tanki, akachungulia, akafunga.

"Kweli imejaa," alisema, akaipiga pikipiki teke ikawaka. "Aksanti sana, ndugu."