Supu ya Ng'ombe Aliyetembea

Jumatatu, 9 Juni

Sukari yangu ya damu imepanda tena! Mke wangu Nabintu ametoa hukumu: isiposhuka kufikia Jumamosi, kwaheri bia, na kila alfajiri nitatembea na jirani yetu Buhendwa kando ya ziwa. Buhendwa! Mutu muzima anayevaa kaptula mbele za watu. Heri nife.

Léonie, muuguzi, akatonesha kidonda. Eti misuli ikifanya kazi inamwaga homoni kwenye damu, nazo zinausaidia mwili kutumia sukari. Nikaitikia kwa heshima. Moyoni nacheka. Kama dawa inatoka kwenye misuli, nani kasema lazima iwe misuli yangu?

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Ng'ombe wa Masisi. Wanashuka milima kwa miguu mpaka Goma. Misuli yao imejaa dawa tele. Supu ya mguu asubuhi na jioni, mimi nimekaa kitini. Akili ni mali.

Théoneste, muuza nyama wa Birere, ameapa kwa jina la mama yake kwamba ng'ombe wake alitembea. Nimekunywa mabakuli mawili. Jioni Buhendwa ananiambia, huku anacheka, kwamba ng'ombe wa Théoneste walishuka kwa lori. Lori! Nimekunywa supu ya abiria.

Alhamisi, 12 Juni

Simwamini mutu tena. Tangu jana natembea mwenyewe mpaka barabara ya Sake, wanakopita ng'ombe wa Masisi, kukagua kwato. Leo kapita ng'ombe mmoja mwenye vumbi hadi magotini. Nikamfuata mpaka machinjioni, mbio, maana wachungaji hawangoji muzee. Walipomchinja nikanunua mguu wake, lakini pikipiki zote zikakataa kubeba mguu unaochuruzika damu. Nikaazima chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, nikaisukuma juu ya mawe ya volkano mpaka nyumbani. Mgongo wangu, jamani! Buhendwa akanipongeza kwa mazoezi. Nilimwambia afunge mdomo.

Jumamosi, 14 Juni

Imeshuka! Léonie amepima mara mbili, kisha akaniuliza wiki hii nilikuwa wapi. Nikamweleza yote.

"Papa Cirimwami," akasema, "ile ni kazi ya miguu yako."

"Hapana, mama. Ni ya ng'ombe."

Bia imerudi mezani. Sasa naboresha mpango. Théoneste ameapa upya, na kuanzia Jumatatu atasimama barabarani badala yangu, aniletee mguu mpaka mlangoni. Mimi sitoki kitini. Kutembea kule kote kulikaribia kuniharibia dawa.