Riwaya ya Mwokaji na Mhasibu

Jumatatu, 3 Machi 2025
Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusoma, sisi wazee wa Kilimani. Tejas amekalia kiti hicho miaka mingi. Zamu yangu sasa. Naliaka, mwalimu mstaafu, ametuchagulia riwaya ya mapenzi: mwokaji mikate wa Dagoretti Corner na mhasibu wa benki, wote wanaume. Vizuri sana. Nitaiponda mbele ya kikundi, wahafidhina wanipe kura. Ila lazima niisome kwanza. Nimeifunika kwa karatasi ya kalenda ya hekalu ya mwaka jana, yenye picha ya Lakshmi, mungu wetu wa kike. Majirani wasijue.

Jumanne, 4 Machi
Lugha dhaifu. Kila mtu anahema. Wamenuniana sura tatu kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza. Upuuzi. Kisha mwokaji akaacha mkate wa moto mlangoni kwa mhasibu, akaondoka bila kubisha. Nikalazimika kufuta miwani. Tangu sisi Wahindi tufukuzwe Jinja mwaka 1972 sijasoma mlango ulioelezwa vizuri hivyo.

Ramila wa ghorofa ya chini alinikuta bustanini. Akamgusa Lakshmi, akagusa paji lake la uso, akaniambia kumbe Keval-bhai, yaani kaka Keval, amekuwa mcha Mungu. Ramila ana mashemeji wengi kikundini. Sikukanusha. Tatizo moja: kitabu chenye Lakshmi hakiingii chooni, na huko ndiko ninakosoma vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Puja, ibada yetu, nyumbani kwa Ramila. Aliniomba nije na kitabu changu cha dua. Wakakiweka madhabahuni, wakakipamba maua. Tejas, mwenye pua ya paka, akasema Keval-bhai asome kidogo, sisi wenye dhambi tunufaike. Nikasoma: "Hata usipofungua, mkate wako utakuwa hapa." Ramila akatokwa machozi. Shemeji mmoja akauliza ni maneno ya mtakatifu gani. Nikasema wa Dagoretti Corner.

Tejas akanipokonya, akasoma mstari uliofuata. Mstari uliofuata una masharubu mawili na busu moja.

Ramila akasema mapenzi yao hayamsumbui. Kinachomsumbua ni mzee mzima kujificha nyuma ya Lakshmi.

Jumamosi, 8 Machi
Tejas alisimama kuiponda riwaya. Hotuba niliyopanga kuitoa mimi, karibu neno kwa neno! Nikasikia mdomo wangu ukimwambia kwamba hajaisoma, na kwamba mwokaji yule ana adabu kumliko. Naliaka akapiga makofi. Wahafidhina hawakupiga. Mashemeji walitazama dari. Tejas ameshinda. Mimi nimepata kura mbili: yangu, na ya Naliaka, anayesema alipiga bila miwani.

Jumapili, 9 Machi
Nimeimaliza. Wamerudiana. Mwisho rahisi mno, nimeusoma mara mbili.

Kitabu cha mwezi ujao amekichagua Tejas: riwaya nene ya mkulima wa majani chai. Naliaka amepiga simu kuuliza kama nitakisoma. Nimemwambia sirudii kosa hilo. Kusoma ndiko kulikoniponza. Hotuba ya kukiponda iko tayari, kurasa nne.